Nataka kumwita mwanangu Kiasi, na kila mtu anapinga

Shikamoo Shangazi,

Nina ujauzito wa miezi minane, na huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza. Mimi na mume wangu tunaelewana karibu katika kila jambo, lakini kwa wiki sita sasa tumekwama kwenye moja tu, nalo ni jina la mtoto. Mimi nataka aitwe Kiasi. Awe wa kike, awe wa kiume, jina ni hilo hilo.

Najua mtu akilisikia mara ya kwanza anashtuka. Naomba nikueleze lilikotoka.

Kaka yangu alifariki miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya pombe. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na watu walikuwa wakisema mikono yake ina akili. Alianza kunywa na wenzake mwisho wa wiki, kidogo kidogo, kisha siku za wiki zikaingia, kisha asubuhi. Mwishoni ini ndilo lililoshindwa. Alikuwa na miaka 34. Hakuwa mtu mbaya, Shangazi, hilo naomba ulielewe. Alikuwa akimtengenezea redio mtu asiye na pesa, halafu anamwambia nenda tu, utanilipa ukijaliwa. Nakumbuka siku aliyorudi nyumbani bila koti kwa sababu njiani alimkuta mzee anatetemeka. Lakini kwenye chupa hakuwa na breki.

Mama alikuwa na neno moja kwake. Akimwona anamimina, au anavaa viatu jioni ili atoke, alikuwa akimwambia, "Kiasi, mwanangu. Kiasi." Hakuwahi kumpigia kelele. Neno hilo nimelisikia ujana wangu wote. Siku ya mazishi nilikaa nikawaza kwamba laiti lingemwingia mapema, leo angekuwa hai.

Basi nilipokuwa na ujauzito wa miezi mitatu nilikuwa nasoma Biblia, Wagalatia sura ya 5, pale tunda la Roho linapotajwa: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Nilipofika neno la mwisho nililia. Nikajiambia, watu wanaitwa Upendo, wanaitwa Furaha, Amani, Fadhili. Kwa nini hili la mwisho likose wa kuitwa nalo?

Mume wangu anasema hilo si jina, ni neno tu. Mama mkwe anasema mtoto atachekwa, na anauliza kama majina yamekwisha duniani. Wifi yangu alipolisikia aliuliza, "Kiasi gani?" Wote mezani wakacheka, mimi nikaingia chumbani. Rafiki yangu mmoja ndiye pekee aliyeniunga mkono. Anasema jina la kipekee humfanya mtu akumbukwe. Mwenzangu mwingine kazini anaamini kwamba jina humjenga mtu, na mimi naamini hivyo pia, kwamba nikimwita Kiasi kila siku tangu mchanga, neno litamkaa kabla dunia haijamfikia. Mama yangu nilimwambia nilipokwenda kumwona. Alinyamaza, kisha akasema ana nguo za kumalizia, akatoka uani kufua. Ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo sijui kama amelipenda.

Mume wangu ananiomba nichague fadhila nyingine iliyozoeleka, kama Imani au Neema, tumalize ubishi. Mimi nikisikia hivyo naona kama ananiambia nimsahau kaka yangu. Tumefika mahali habari ya jina hatuigusi tena, na siku zinakwisha. Nisaidie, Shangazi. Je, neno la fadhila lisilozoeleka halifai kuwa jina la mtu? Nishikilie, au niachie?

Mama Mtarajiwa

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kaka yako. Miaka mitatu ni michache.

Nianze na mumeo, kwa sababu hoja yake ndiyo nyepesi kuijibu. Anasema Kiasi si jina, ni neno. Lakini Imani na Neema anazokupendekezea ni nini? Rehema lilikuwa neno. Baraka, Faraja, Tumaini, Subira, yote yalikuwa maneno ya kawaida, na mpaka leo ni maneno ya kawaida. Hata majina tunayodhani ni majina matupu, ukiyafuata yalikotoka utakuta ni maneno. Sofia kwa Kigiriki ni hekima, Irene ni amani. Amina kwa Kiarabu ni mwanamke mwaminifu, na Halima ni mpole mwenye kustahimili. Warusi wana majina matatu yanayokwenda pamoja, Vera, Nadezhda na Lyubov, na maana yake ni imani, tumaini na upendo. Anayemwita Nadezhda aje kula anamwita Tumaini. Kwa hiyo hapo uko sawa, na mumeo nadhani akitulia atakubali. Fadhila inaweza kuwa jina, hata ile ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Kila jina lina mtu aliyekuwa wa kwanza kuitwa nalo.

Na kiasi si fadhila ya kuonewa haya. Wanafalsafa wa Kigiriki tangu zama za Plato waliihesabu miongoni mwa fadhila nne kubwa, pamoja na busara, haki na ushujaa, na Kanisa likazipokea zote nne. Kwa Kiingereza fadhila hiyo ni Temperance, na wapo wasichana wengi waliobatizwa jina hilo katika karne ya 17. Wewe hukuota ndoto ya ajabu. Umetembea njia ambayo wengine waliwahi kuipita.

Sasa nije kwenye mahali ambapo siko upande wako.

Rudia ule mstari wa Wagalatia, uusome kwa sikio la mtu anayetafuta jina. Umeona mwenyewe kwamba Upendo, Furaha, Amani na Fadhili wameingia katika majina. Uvumilivu je? Uaminifu? Utu wema? Hao wamebaki vitabuni. Mtu angeweza kusema ni urefu wa neno, na kweli urefu una sehemu yake. Jaribu kumwita Ustahimilivu aliyeko mbali, pumzi itakwisha. Lakini upole ni neno fupi na tamu, na bado ni nadra kuwasikia watu wakiitwa hivyo. Nimeliwaza jambo hili kwa muda mrefu kabla ya barua yako, na nikaona kwamba majina mengi ya fadhila yaliyotukaa mdomoni ni ya vitu ambavyo mtu hupewa. Neema hupewa. Baraka, Zawadi, Rehema, Faraja, hivyo vyote vinakujia mikono yako ikiwa wazi. Furaha na Amani zinakukuta. Ila uvumilivu, uaminifu na kiasi hudaiwa. Ukimpa mtoto jina kama hilo, umempa pamoja na orodha ya anayotakiwa kuyatimiza.

Utaniambia, mbona Subira? Subira ni fadhila inayodaiwa na bado ni jina zuri, lina watu tele. Ni kweli. Lakini wasikilize wazazi wakieleza kwa nini walimwita mtoto Subira. Mara nyingi utasikia kwamba wao ndio waliosubiri, pengine miaka mingi, wakitafuta mtoto. Subira yao ndiyo iliyozaa, na mtoto anabeba ushahidi wa walichovumilia wazazi wake. Hakuna anayemwambia akiwa na siku saba, wewe sasa ukasubiri.

Waliowahi kujaribu majina ya kudai ni wengi, na tunaweza kuona yaliishia wapi. Wale Wapuritani wa Uingereza waliovuka bahari kwenda Marekani mwaka 1620 kwa merikebu ya Mayflower walikuwa na binti mdogo sana aliyeitwa Humility, yaani Unyenyekevu. Alikuwemo mvulana aliyeitwa Resolved, Aliyekusudia, na wengine wawili, mtu na nduguye, mmoja Love na mwingine Wrestling, yaani Upendo na Kupigana Mieleka. Dada zao hao wawili walifika miaka mitatu baadaye, mmoja akiitwa Patience na mwingine Fear, Uvumilivu na Hofu. Watazame hao wanne waliozaliwa nyumba moja. Patience limeishi, na leo utalikuta kila bara. Wrestling na Fear hayakwenda mbali. Wazazi wao walikuwa watu wa imani ya dhati, sina shaka hata kidogo kwamba waliwapenda watoto wao. Lakini jina likishatoka nyumbani, mapenzi ya waliolitoa hayalifuati. Linabaki neno lenyewe, mikononi mwa watu.

Na watu wakilipata neno, wanaweza kulifanya fimbo. Uingereza huko huko alikuwepo mfanyabiashara wa ngozi aliyeitwa Praise-God Barebone, Msifu Mungu. Alipoingia Bunge la mwaka 1653, wapinzani walilibandika Bunge zima jina lake kwa dhihaka, na vitabu vya historia vinaliita hivyo mpaka leo. Mtu huyu hakuwa kiongozi wa Bunge lile. Jina lake tu ndilo lililokuwa rahisi kuchezea.

Mimi mwenyewe nilisoma darasa moja na msichana aliyepewa jina la ukweli. Sitalitaja jina hasa, kwa sababu yu hai na ana wajukuu. Siku moja alidanganya kuhusu daftari alilolisahau, uongo mdogo wa mtoto wa miaka tisa, uongo ambao sisi wengine tuliusema kila wiki na tukasamehewa. Mwalimu alimsimamisha mbele akasema, "Na wewe unaitwa hivyo!" Sisi wengine tulipokosea tulikuwa tumekosea. Yeye alipokosea alikuwa amelisaliti jina lake. Nimemkumbuka niliposoma barua yako, kwa sababu mwanao naye siku moja, katika umri wa miaka ishirini na kitu, atakunywa kupita kiasi kwenye harusi ya rafiki yake. Wengi hunywa hivyo mara moja, wakaugua siku nzima, wakajifunza. Mtu mwingine angeamka na kichwa kinachouma. Kiasi ataamka na kichwa kinachouma na utani ambao hautakwisha.

Hapo ndipo namwelewa wifi yako, ingawa alikuumiza, na angefaa akuombe radhi. Alichouliza mezani ndicho atakachouliza kila mtu. Neno hili kwa asili ya Kiarabu ni kipimo, na katika Kiswahili chetu kazi yake ya kila siku ni kupima. Kiasi gani? Kiasi kilichobaki. Kwa kiasi kikubwa. Maana ya fadhila ipo, lakini imekaa ndani, na mtu huifikia akiwa ametulia. Temperance kwa Kiingereza haikuwa na shida hiyo, kwa kuwa hakuna anayekwenda dukani kuuliza bei kwa neno hilo. Mwanao atakaa kwenye somo la hesabu, na mwalimu ataandika ubaoni "Tafuta kiasi". Atajaza fomu za malipo maisha yake yote. Kwenye mstari wa Jina ataandika Kiasi, na mstari wa chini yake utakuwa umechapishwa Kiasi, ukingoja tarakimu. Halafu kuna sarufi. Amani na Neema sikio limezoea kusikia amekuja, amelala. Ukisema Kiasi amelala, mtu atasita, kwa sababu ulimi unataka kusema kimelala. Ni jambo dogo, lakini mtoto atasikia kusita huko kila atakapotambulishwa, na kila mara atatakiwa kuanza na maelezo.

Na maelezo yenyewe ni yapi? Hili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Mtoto wa miaka sita akiulizwa kwa nini anaitwa hivyo, atasema nini? Kwamba mjomba alikufa kwa pombe. Historia yote ya jina lake ni kifo cha mtu ambaye hakumwona, na sababu ya kifo chake. Umeniambia kwamba ukiacha jina hili utakuwa umemsahau kaka yako. Mimi naogopa kinyume chake, kwamba ukilishika jina hili utakuwa umemkumbuka kwa kile tu kilichomuua.

Rudi uisome barua yako mwenyewe. Pombe umeieleza kwa mistari kadhaa. Redio za bure na lile koti umezipitia haraka, kama mtu anayemwombea mwenzake msamaha. Mimi nilisimama pale kwenye koti. Mtu anayevua koti lake njiani na kumvika mzee anayetetemeka ana fadhila, tena isiyo ya kawaida, na hiyo alikuwa nayo kweli. Kiasi ndicho alichokikosa. Kwa nini mpwa wake aitwe kwa upungufu wa mjomba wake, wakati mjomba alikuwa na utajiri wa kuridhisha?

Kama ungeniuliza mimi, ningekuambia uutafute upande huo. Yupo Karimu, yupo Karima, majina yanayojulikana. Lakini kwa kuwa wewe moyo wako unataka neno ambalo halijachakaa, lifikirie Hisani. Ni wema unaofanywa bila kudai malipo, yaani redio ile na koti lile. Ni fupi, mwana wa kike na wa kiume wote wanaliweza, na lina sauti ya jina hata kwa asiyejua maana yake. Nisikufiche, nalo lina matumizi yake ya kila siku. Chini ya picha magazetini huandikwa "kwa hisani ya", na mwanao ataliona hilo na pengine wenzake watalitania. Ila angalia linasema nini pale: kwamba kuna mtu alitoa, na anashukuriwa. Utani wa namna hiyo mtoto anaweza kuishi nao. Tena ni jina la kitu kinachopokewa, na anayelibeba hadaiwi. Siku akiwa mchoyo kwa pipi zake atakuwa mtoto mchoyo kwa pipi, basi.

Hilo ni wazo langu tu, na jina la mtoto ni lenu wawili. Ukibaki na Kiasi baada ya kuyapima yote haya, sitakuambia umefanya dhambi. Unaweza kuliweka jina la pili, lisilolia kila siku, akalikuta kwenye cheti chake akiwa mtu mzima na wewe ukamweleza kwa utaratibu. Vyovyote mtakavyoamua, ulizeni mapema ofisi inayosajili vizazi kama ina masharti. Nchi nyingine zina masharti ambayo hungeyategemea. Nyuzilandi, kwa mfano, wazazi wamekataliwa mara nyingi kuwaita watoto Justice, yaani Haki, kwa sababu neno hilo ni cheo cha jaji na sheria yao hairuhusu jina linalofanana na cheo. Fadhila yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Kuhusu mumeo, acha kumsikia kwa maneno ambayo hajayasema. Yeye amekupa Imani na Neema kwa sababu anaogopa kicheko cha watu, na labda anaogopa huzuni yako, ambayo hajui aishike wapi. Hajasema umsahau kaka yako. Mweleze habari ya koti. Inawezekana hajawahi kuisikia, kwa kuwa nyumbani kwa mtu aliyekufa kwa pombe mara nyingi kinachosimuliwa ni pombe tu. Rafiki yako naye anasema jina la kipekee hukumbukwa. Ni kweli hukumbukwa, lakini muulize, mtoto akumbukwe kwa nini. Na mwenzako wa kazini, na wewe pia, mnaoamini kwamba jina humjenga mtu, mimi nakubaliana nanyi kwa nusu. Jina hukaa sikioni, na linaweza kumpa mtoto kitu cha kujivunia. Kinga ya ulevi siyo. Mama yako alilisema neno Kiasi kwa upendo wote alionao, miaka na miaka, na ulevi ukamshinda mwanawe vile vile. Mtu akishafika mahali kaka yako alipofika, huo ni ugonjwa, na neno peke yake halikuweza kumponya, hata litoke kwa mama. Tafadhali usijitwishe, na usimtwishe mtoto, fikra kwamba lingeingia mapema zaidi angepona.

Na sasa nije kwa mama yako, ambaye ndiye nimekuwa nikimwaza muda wote huu.

Katika barua yako kila mtu ana maoni. Mumeo ana yake, mama mkwe, wifi, rafiki, hata mwenzako wa kazini. Mama yako umempa sentensi tatu, na ndani yake hakusema chochote kuhusu jina. Alinyamaza, akaenda kufua. Unasema hujui kama amelipenda. Mimi sikuwepo, lakini nimezika, na nadhani najua kwa nini alitoka pale. Lile neno ni lake. Ndilo alilomwambia mwanawe mlangoni jioni baada ya jioni, na halikumrudisha. Pengine amelisema mara ya mwisho kitandani kwake. Wewe ulikuja na furaha yako na tumbo lako, ukamwambia kwamba kuanzia mwezi ujao atalisema tena. Atalisema kumwamsha mjukuu, atalisema kumwita aje kula, na mtoto akichelewa kurudi jioni, atasimama mlangoni pale pale aite, "Kiasi! Kiasi!"

Huenda nimekosea. Huenda ni neno linalomfariji, na angependa kulisikia likiwa na mwili na meno mawili na kicheko. Akikuambia hivyo kwa kinywa chake, mengi niliyoyasema juu yatapungua uzito, na mimi nitakuwa wa kwanza kukubali. Lakini usikisie. Kabla hujabishana tena na mumeo nenda kwa mama yako, nenda peke yako, na usiende na orodha ya majina. Mwombe akusimulie habari za kaka yako alipokuwa mdogo, kabla ya chupa. Alipenda nini, alimpa nani nini. Yeye anazo habari ambazo wewe, kama uliyezaliwa nyuma yake, huzijui. Likitokea jina humo ndani litatoka lenyewe. Kisha muulize lile neno linamfanyaje akilisikia.

Ukimkuta ana beseni lake uani, usimngoje ndani. Vuta kigoda, ukae naye.

Shangazi